Mtiririko Usikatike

Ulimwona. Usitikise kichwa. Jumanne ile, mkokoteni wa makaa ulipotoka lango la Crosland na kushuka Barabara ya Savile, wewe ulikuwa umesimama mbele ya duka la utumbo, na mkokotenini, chini ya magunia yaliyolowa, alikuwamo mtu anayelia kwa sauti isiyo ya mtu. Ukageuza uso ukaanza kusoma bei ya kwato za ng'ombe, bei unayoijua tangu utotoni. Mwenzio akainama kufunga kamba ya kiatu kilichokwisha kufungwa. Mwingine alivua kofia, kisha akairudisha kichwani upesi, maana yule wa kwenye mkokoteni alikuwa hajafa bado. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukalifunika, naye akapita.

Basi kwa kuwa hukutazama, utasikia.

Jumamosi kabla ya Pentekoste, Selina Broomhead alimpelekea baba yake chakula cha mchana kwenye chumba cha udongo: mkate uliopakwa mafuta ya nyama, na chai ndani ya kopo. Baba yake, mzee Hezekia Shirtcliffe, ndiye mfinyanzi mkuu wa Crosland. Kila chungu kinachoyeyushiwa chuma cha pua pale kimepita chini ya nyayo zake, maana udongo huo haukandwi kwa mashine. Hukandwa kwa miguu mitupu, saa sita mfululizo, ili unyayo uhisi kijiwe ambacho jicho halikioni. Kijiwe kimoja kikibaki, chungu hupasuka motoni, na aliyekishika ndiye atakayesimulia, kama bado ana kinywa.

Alimkuta amekunja suruali mpaka magotini, udongo umemfika kwenye vifundo. Mbele yake alisimama Kanali.

Usidhani Kanali Lemuel Crosland ni mtu wa kukaa kwenye kiti cha ngozi akinyonya sigara. Hiyo ni porojo ya wasiomjua. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kiwandani, mvua isinyeshe au inyeshe, na koti lile lile alilovaa mwaka jana. Baba yake alimwachia matanuri mawili. Yeye ana hamsini. Ukimpa kipande cha chuma kilichovunjwa, atakitazama pale kilipovunjikia akuambie kilitoka shimo lipi na nani alikivuta. Jeshi la kujitolea lilipoanzishwa, miaka kumi na minne iliyopita, yeye alikuwa wa kwanza mtaani kuvaa sare, akajenga jumba la kwata kwa pesa yake mwenyewe, akawaandikisha wafanyakazi wake mia tatu. Kikosi ni cha kujitolea, na asiyejitolea hutolewa. Anawapenda watu wake, hilo tusimnyime. Anawapenda kama mtu anavyoipenda saa yake ya mfukoni.

"Una vingapi rafuni, Shirtcliffe?"

"Mia mbili na kumi, bwana Kanali. Vya tarehe ishirini na nane."

"Vitakuwa vya Jumanne."

Mzee akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akagundua anacheka peke yake.

"Jumanne hii, bwana?"

"Jenerali anakuja Jumatatu kukagua kikosi. Jumanne asubuhi nitamwonyesha jinsi mzinga unavyomiminwa Sheffield, na jioni anapanda treni. Hatangoja udongo."

"Udongo nao haumjui jenerali, bwana. Vina siku tisa tu. Vinataka ishirini na moja, na hapo jua liwe limekubali kutoka."

"Ongeza moto chini ya rafu."

"Moto unakausha ngozi. Moyo unabaki mbichi. Na chungu kibichi moyoni huficha ufa chini, huuoni mpaka kimejaa."

Kanali akanyoosha mkono, akachukua chungu kimoja rafuni, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio.

"Kinalia vizuri."

"Hata mgonjwa wa kifua huimba vizuri kanisani, bwana."

Selina aliuma mdomo asicheke. Lakini Kanali hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia baridi. Alikirudisha chungu taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Katika mia mbili na kumi, vingapi vitapasuka?"

"Nitasemaje, bwana? Labda vitatu. Labda vinne."

"Vinne katika mia mbili na kumi," Kanali akasema polepole, kama anayeonja supu. "Hilo naweza kulibeba." Akageuka kwenda, akamwona Selina mlangoni, akagusa ukingo wa kofia. "Wewe ni mke wa Koplo Broomhead. Mwambie Jumatatu vifungo ving'ae."

Alipokwisha kupanda ngazi, Selina aliuliza, "Baba, mbona hukukataa?"

"Nimekataa. Hukunisikia?" Mzee akaanza tena kukanyaga udongo. "Hivyo ndivyo anavyokataa mtu anayelala katika nyumba ya bosi wake."

Jioni Amos Broomhead alikuwa mezani akisugua vifungo vya sare kwa majivu na siki. Alikuwa mvutaji wa vyungu, kazi ya watu wasio wengi. Unasimama miguu huku na huku juu ya shimo la moto, umejifunga magunia mabichi mapajani, unashusha koleo, unang'oa chungu chenye ratili hamsini za chuma kilichoyeyuka, unakitoa kwa pumzi moja. Wavutaji wenzake hunywa bia kama farasi anywavyo maji, la sivyo watakauka. Amos hakunywa. Aliweka nadhiri kanisani mwaka aliomposa Selina, na tangu hapo alikuwa akibeba ndoo yake ya maji ya shayiri. Kiwandani walimwita Koplo Uji, naye akaitika.

Selina alimweleza yote. Amos hakuinua macho kwenye kifungo.

"Nitavuta kwa uangalifu."

"Uangalifu gani, kama chini hakuna kitako? Waambie huwezi."

"Nimwambie nani? Nyapara Tingle?" Akacheka kidogo. "Nikimwambia nyapara Tingle siwezi, atanipeleka shimo la mlangoni, kwenye upepo, nipate kichomi kabla ya Krismasi. Kesho yake sajini Tingle ataniandika mtoro wa kwata. Tingle ni mmoja, Selina, ila ana kofia mbili."

"Nami nina mume mmoja."

"Basi mpikie chai," Amos akasema, akampaka majivu puani. "Acha kunizika Jumamosi. Hata wachimba kaburi wanapumzika."

Jumanne asubuhi wake wa wavutaji waliruhusiwa kusimama kwenye mlango wa yadi ya makaa, ili jenerali aone nyuso zenye furaha. Walipewa kila mmoja utepe wa karatasi. Selina alisimama nguzoni, utepe mkononi, akaona kila kitu.

Mzinga haumiminwi na mtu mmoja. Kalibu yake inazama ardhini kama kisima, na chungu kimoja ni kikombe tu baharini. Vyungu mia mbili na kumi humiminwa kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kikianza kabla kilichotangulia hakijaisha, ili chuma kiteremke kama uzi mmoja mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Uzi ukikatika hata kwa muda wa kuhesabu tano, kilichomo ndani huganda juu, na mzinga mzima huwa takataka. Kwingine hufanya hivyo kwa makelele na matusi. Crosland hufanya kwa kwata. Kanali ndiye aliyebuni: wavutaji na wamiminaji wawili wawili, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, tarumbeta likiwaita safu kwa safu, na yeye juu ya jukwaa, saa mkononi. Siku hiyo alivaa sare yake kamili, upanga kiunoni. Jenerali alisimama karibu naye na kitambaa puani.

Ilikuwa nzuri. Tusiseme uongo. Watu mia moja na hamsini walikwenda na kurudi katika nuru ile kama mashine yenye moyo, na hata wanawake waliacha kunong'ona. Chungu cha kumi, cha ishirini, cha hamsini. Selina alikuwa anahesabu.

Cha sabini na tatu kilikuwa cha Amos. Alikitoa shimoni barabara, kwa pumzi moja. Kikafika usawa wa magoti yake, na hapo kitako kikadondoka, kama yai lililooza. Hakukuwa na mlio. Kulikuwa na mwanga tu miguuni mwake, kisha harufu.

Watu wawili wa nyuma yake wakasita. Mguu wa kushoto wa mmoja ulibaki hewani. Uzi mweupe pale kwenye kalibu ukaanza kuwa mwembamba.

"Mtiririko usikatike!" Kanali alipaza sauti. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ile ile ya siku zote za kwata, sauti ambayo miguu yao iliijua kuliko vichwa vyao. "Safu ya sita, mbele!"

Nao wakaenda mbele. Ndiyo, wakaenda. Wakamzunguka Amos, kushoto na kulia, na vyungu mikononi, kama maji yanavyozunguka jiwe. Mmoja wao alikuwa Jethro Housley, jirani wa ukuta mmoja, aliyekula naye sikukuu. Alikuwa analia, lakini hatua yake haikukosea. Selina aliingia mbio ndani, na kwa vyungu mia moja na thelathini na saba vilivyobaki, yeye na baba yake, aliyetoka mbio kwenye chumba cha udongo bila viatu, ndio peke yao waliokuwa chini na yule mtu.

Mzinga ukatoka mzima. Jenerali akapiga makofi, kisha akaambiwa, akaacha.

Amos aliishi siku mbili. Alhamisi kabla ya alfajiri alifungua macho, akamwuliza mkewe swali moja.

"Kilishika?"

"Kitu gani, Amos?"

"Chuma. Kilishika?"

"Kilishika," Selina akasema, na huyo ndiye mtu tuliyempoteza: mtu aliyefarijika kwa jibu hilo.

Ijumaa Kanali alikuja mwenyewe nyumbani, na Tingle nyuma yake na daftari. Kanali aliinamisha kichwa mlangoni maana milango ya nyumba zake ni mifupi. Alikataa kiti, kisha akakaa, na kiti alichokalia kilikuwa cha Amos. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Alikuwa mvutaji bora kuliko wote niliowahi kuwa nao," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa unafiki. "Nataka azikwe kwa heshima ya jeshi. Mwili juu ya gari la mzinga, bendi, risasi tatu hewani. Hakuna koplo wa Sheffield aliyewahi kupewa."

"Ahsante, bwana," mzee Hezekia akasema haraka, kwa mazoea.

"Bi Broomhead?"

Selina alikuwa anamtazama Tingle. Tingle alikuwa ameishika sare ya Amos, akihesabu vifungo na kuandika.

"Kuna bizimu ya mkanda haipo," Tingle akasema, kama anayejisemea.

"Iko kiunoni mwake," Selina akajibu. "Panda juu ukaivue, sajini. Au leo umekuja na ile kofia nyingine?"

Kanali alimpa Tingle jicho moja, Tingle akalifunga daftari. Kisha Kanali akasimama, akaeleza kuhusu kazi ya kufunga tupa kwenye ghala, kama Selina angependa, na kwamba hakuna haja ya kuhangaikia kodi ya wiki hii. Akatoka. Tingle alibaki nyuma kidogo, akashusha sauti.

"Kesho kuna uchunguzi wa kifo. Mzee, utaulizwa habari za vyungu. Sema vilikuwa vikavu, basi, kwani utakuwa umemuua nani? Mimi nitasema koplo alikuwa amechangamka kidogo. Joto lile, nani asiyekunywa? Hakuna atakayemlaumu."

"Amos hakunywa," Selina akasema.

"Najua, dada yangu. Lakini wale watakaokaa pale hawajui."

Alipoondoka, mzee akaanza kujikuna udongo uliokauka kwenye kucha za miguu.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu. Nina miaka hamsini na minane. Mfinyanzi aliyefukuzwa Crosland, nani atampokea? Nitakanda nini, unga?"

"Sikuangalii, baba. Nakungoja useme."

"Niseme nini?"

"Chochote utakachoweza kulala nacho."

Uchunguzi ulifanyika kama kawaida yetu kwenye baa, chumba cha juu cha Kondoo Mweusi, kati ya mapipa na ubao wa vishale. Kabla ya kuanza, wazee wa baraza kumi na wawili walipaswa kuutazama mwili. Wakapanda chumba cha juu nyumbani kwa Selina kwa foleni, muuza utumbo, muuza mishumaa, mwenye duka la kofia, watu wanaoishi kwa mishahara ya Crosland kama kupe kwenye sikio. Walifuta viatu mlangoni kwa adabu sana. Selina alifunua shuka. Watatu walitazama. Tisa walitazama saa ya ukutani.

Kule baani Hakimu wa vifo alikaa nyuma ya meza, na Kanali akaketi kando yake, bega kwa bega, si upande wa mashahidi. Tingle aliapa na kusema yake. Mzee Hezekia akaapa.

"Vyungu vilikuwa vikavu?" Hakimu akauliza.

Mzee alitazama Biblia, akatazama miguu yake.

"Vilikuwa vikavu, bwana."

Hakimu aliandika. Akapangusa kalamu. Hapo Selina akasimama.

"Mama, umeitwa?" Hakimu akauliza.

"Sikuitwa, bwana. Nilikuwepo."

Minong'ono ikapita chumbani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kaa chini, dada, utajiponza," na mwingine akamjibu, "Mwache aseme, wewe umeshiba tayari."

Selina hakupiga kelele. Alieleza Jumamosi ile neno kwa neno: siku tisa, siku ishirini na moja, chungu kilichogongwa, vitatu, labda vinne, hilo naweza kulibeba. Akasema kwamba mumewe alikuwa mtu wa maji ya shayiri, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, maana wote walimjua Koplo Uji. Kicheko hicho ndicho kilichomwangusha Tingle. Akainama akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Na baba yangu," Selina akasema mwishoni, "amesema alichosema kwa sababu analala katika nyumba ya huyu bwana. Nami pia nalala humo. Lakini hilo ndilo nililosikia."

Hakimu akamgeukia Kanali kwa aibu ya mtu anayeomba chumvi mezani kwa watu. Kila mtu alingoja akane. Selina mwenyewe alingoja akane, na alikuwa amejiandaa kwa hilo usiku kucha.

Kanali akasimama.

"Bi Broomhead amesema kweli," akasema. "Shirtcliffe alinionya. Nilipima hatari, nikaamuru. Aliyesema koplo wangu alikuwa amelewa, nitaonana naye baadaye. Na kuhusu kuendelea kumimina, ningeamuru vile vile leo. Kulikuwa na vyungu mia moja na thelathini na saba vilivyobaki, na taifa linahitaji mizinga. Afisa hupoteza watu. Lakini hatawasahau."

Akakaa.

Unajua kilichofuata, kwa sababu ulikuwemo, au nduguyo alikuwemo, au ulisoma gazetini. Wazee wa baraza hawakutoka hata nje kushauriana. Waligusanisha vichwa kwa muda wa kuvuta mikupuo miwili ya kiko, na muuza kofia akasimama kusoma: kifo cha ajali. Kisha akaongeza kwamba baraza linapenda kumshukuru Kanali Crosland kwa ukweli wake wa kiungwana, uliowagusa wote. Watu wakapiga makofi. Ndiyo, pale pale, orofa moja juu ya mapipa, walimpigia makofi.

Selina alikuwa amekuja kupigana na uongo. Ukweli ulipokubaliwa mbele ya macho yake na usibadilishe chochote, hakujua aushike wapi.

Ngazini mzee Hezekia alimshika mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini, baba? Ungesema kweli ungepata makofi na wewe."

Alikataa gari la mzinga. Kanali hakubishana, alituma barua fupi kwamba mjane ndiye mwenye maiti. Jumapili wavutaji sita wakambeba Amos mabegani mpaka makaburi ya Burngreave, Jethro Housley mbele, na hakuna aliyeandamana kwa bendi. Lakini walipokata kona ya kwanza, Kanali alikuwa amesimama pale peke yake, bila upanga, kichwa wazi, na mvua inanyesha. Akaingia nyuma ya jeneza akatembea njia yote kwa miguu. Tangu siku hiyo, ukiuliza mtaani kuhusu mazishi ya Broomhead, hutasikia habari za Broomhead. Utasikia, "Kanali alitembea kwa miguu, jamani! Kwenye mvua!"

Kisha zikaja siku za kawaida, ambazo ndizo mbaya. Notisi ya nyumba iliandikwa kwa adabu: nyumba ile ni ya mvutaji, mvutaji mpya anakuja, mjane apewe mwezi mzima badala ya wiki. Tingle alishushwa cheo cha kijeshi kwa lile neno la ulevi, akabaki na kofia moja, ile ya unyapara, ambayo ndiyo inayouma. Mzee Hezekia hakufukuzwa. Kanali alishuka mwenyewe kwenye chumba cha udongo, akampa mkono, mkono mtupu kwa mkono wenye udongo, akamwambia anahitaji mfinyanzi anayethubutu kumwonya.

"Na ukimwonya anakusikia?" Selina aliuliza.

"Anasikia kila neno," mzee akasema. "Hilo ndilo tatizo lake."

Jana Jumatano mzee alirudi kutoka kazini, akakaa bila kuvua koti. Selina alikuwa anafunga vyombo kwenye sanduku. Aliposikia hasemi, akaacha.

"Nini, baba?"

"Kuna mzinga wa pili. Jenerali ameandika. Meli inangoja."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Vingapi?"

"Mia mbili na arobaini."

Selina akakalia sanduku. "Vina siku ngapi?"

Mzee alinyanyua mikono, vidole vyote wazi, kisha akaviangalia kana kwamba si vyake. "Vya kwanza kumi. Vya mwisho sita. Nimemwambia. Alitoa daftari, akaandika nilivyosema, akaniuliza vingapi vitapasuka."

"Ukasema?"

"Sikusema. Nikavaa koti nikatoka. Nimemwambia Jumamosi hatanikuta."

Selina akainuka. Alijitupia shali, akaenda kugonga mlango wa ukuta wa pili. Kezia Housley, mke wa Jethro, alifungua na mtoto mgongoni. Jethro alikuwa ndani karibu na moto, akatazama ukutani.

"Najua unachotaka," Kezia akasema kabla hajaulizwa. "Selina, nina watoto watano."

"Ndiyo maana nimeanza kwako."

"Mwanamume akikosa kwata ya mzinga, Jumatatu hana shimo. Unajua."

"Sitaki mwanamume akose. Nataka wewe. Wanaume wamezoeshwa sauti ya yule mtu. Akisema mbele, miguu yao inakwenda. Nimeona kwa macho yangu. Sisi hatujafundishwa kwata. Jumamosi tusimame langoni, tushikane mikono, tarumbeta lilie mpaka lipasuke. Hawatatukanyaga."

"Na Tingle?"

"Tingle hawezi kumwandika mke wa mtu mtoro."

Jethro pale motoni akatoa sauti, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio. "Nenda, Kezia," akasema bila kugeuka. "Nilimzunguka. Unasikia? Nilimzunguka nikapita. Nenda."

Mpaka kumekucha leo Alhamisi, Selina amegonga milango arobaini na moja. Milango mingine ilifunguliwa kwa upana wa pua. Mmoja ulimwambia Kanali alitembea kwa miguu kwenye mvua. Waliosema ndiyo, yeye mwenyewe akiwemo, ni wanawake kumi na mmoja.

Lango la Crosland lilijengwa mikokoteni miwili ipishane. Toka nguzo hadi nguzo, watu wakishikana mikono safu tatu ili lisipenyeke, linahitaji watu thelathini. Kumi na mmoja wataonekana kama wajane waliokuja kuomba makaa, na watasogezwa kando kwa adabu, na Kanali atawagusia kofia.

Vyungu viko rafuni, moto umeongezwa chini. Hakuna tena lisilojulikana. Alilifanya mbele yako, akalisema mbele yako, nawe ukapiga makofi au ukanyamaza, ambayo ni mamoja. Kwa hiyo usimwonee Selina huruma, hana pa kuiweka. Tarumbeta hulia saa kumi na mbili. Jumamosi amka saa kumi. Vaa viatu, mwamshe dada yako na mama mkwe wako, shuka Barabara ya Savile kabla taa hazijazimwa, ukasimame langoni na umshike mkono aliye karibu nawe. Bado watu kumi na tisa. Njoo.